Mkono Wangu wa Idi

Mkono wangu wa kulia ulikuwa ndani ya mashine ya karanga, umezama mpaka karibu na kiwiko, na juu ya kichwa changu watu walikuwa wakila pilau ya Idi. Nilisikia viti vikiburutwa sakafuni. Nilisikia mwanamume akicheka mpaka akakohoa. Niliita hadi sauti yangu ikawa kama ya paka, ndipo mtu huko juu akapandisha kaseti ya taarabu na fidla zikanifunika. Shavu langu lilikuwa limebanwa kwenye kioo. Ndani yake niliona pakiti za karanga zimejipanga, nyekundu na njano, kama watoto waliovikwa nguo za sikukuu. Nikishusha jicho niliona miguu ya Bi Zulekha, viatu vya rangi ya dhahabu na hina mbichi. Mjomba wangu alikuwa ubavuni mwa mashine, upande nisioweza kugeukia. Nilimsikia akihema tu.

Kisha mashine ikanguruma. Ilinguruma mara moja, bati lote likatetemeka mpaka kwenye meno yangu, halafu ikanyamaza. Nilikuwa mtoto. Nilidhani imeshiba.

Nimeanzia hapo kwa makusudi. Kila nikianzia kwingine, watu wangu wa hapa huniletea habari za shukrani. "Dada, ulipewa safari ya Marekani bure. Wangapi waliililia?" Basi leo anzeni pamoja nami chini ya nyumba ile ya Coon Rapids, mkono wenu ukiwa ndani ya mashine, halafu tuone nani ataanza kushukuru. Mniwie radhi kwa mwandiko. Shule yangu iliishia darasa la tatu, Mombasa, na haikuishia huko kwa kutaka kwangu. Wala sitasema fulani na fulani. Mjomba wangu aliitwa Athumani. Mkaza mjomba wangu anaitwa Zulekha. Yeye yu hai, na haya namwandikia yeye kwanza.

Kilichonirudisha kule ni harufu. Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima nafanya kazi ya kutunza wazee, nilisimama mbele ya nyumba moja ya Saint Paul ambako watu walikuwa wameanika vitu vyao vya zamani uwanjani wauze. Nilitaka sufuria. Kati ya baiskeli na vitanda palikuwa na mashine ndogo ya karanga, ile ya kutia sarafu na kuvuta kishikio. Niliinama kuitazama, na puani kwangu zikaja karanga zilizochacha, mafuta ya cherehani, na ile harufu ya sarafu iliyoshikwa na mikono mingi. Niliketi chini pale pale kwenye majani. Yule Mzungu mwenye nyumba aliniletea kiti na maji, akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia nataka hiyo mashine. Akacheka, akasema haifanyi kazi tena. Nikamwambia ndiyo maana naitaka.

Lakini nianze mwanzo.

Mama yangu alikuwa akiuza viazi karai Majengo, na ndugu yake Athumani alikuwa Amerika. Hiyo peke yake ilitosha kumfanya mtakatifu. Alikuja mara moja, amevaa koti zito kwenye joto la Mombasa, akakaa kwenye mkeka wetu akasema, "Nipe huyu mdogo. Nitamsomesha. Zulekha amejifungua mtoto wa kiume, nyumba ina nafasi." Mama alilia akatabasamu, vyote kwa wakati mmoja. Alinifunga vitambaa vya nywele, akanipa kanga yake, akaniambia nimsikize mjomba kama baba.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa mtoto mgongoni kabla sijavua viatu. Faraji alikuwa mchanga, hana shingo bado. Bi Zulekha alifanya kazi hospitali, akisaidia wauguzi. Mjomba alisafisha maofisi ya Minneapolis. Mmoja alitoka mwingine akiingia, na katikati yao nilikuwa mimi, mtoto na sufuria. Nilipouliza habari ya shule, Bi Zulekha alisema, "Huku shule haianzi wakati wa theluji. Ikiisha utaanza." Nikaamini. Kwa nini nisiamini? Sikuwahi kuona theluji. Niliketi dirishani na Faraji mapajani, naiangalia uwanjani kama mtu anayengoja mgeni aondoke. Magari ya manjano yalipita na watoto ndani, nikasema moyoni, hao ni watoto wa Kizungu, wao wana shule yao ya theluji.

Chini ya nyumba, katika kile chumba cha chini ambacho nyumba zote za huku zinacho, ndiko zilikokaa mashine. Mjomba alizikusanya. Alizitoa kwenye stesheni za basi zilizofungwa, viwanda vilivyokufa, kumbi za kuchezea mipira ambazo wenyewe walizeeka. Za karanga, za peremende, za chokoleti, za biskuti. Zote za kutia sarafu, zote za zamani kuliko yeye. Wazee wa Kizungu wenye kofia walikuja Jumamosi kuzitazama, wakazungumza naye kwa sauti za chini kama watu walio msikitini. Mjomba, aliyekuwa hana Kiingereza cha kumuuliza mtu njia, juu ya mashine alikuwa na maneno yote.

Siku moja nikifagia aliniambia sababu. Alipofika mara ya kwanza alifanya kazi peke yake kwenye jengo kubwa, hana wa kusema naye. Ukumbini palikuwa na mashine ya biskuti. "Dukani wananiuliza, nini? nini? sema tena," alisema. "Mashine haikuniuliza natoka wapi. Nilitia sarafu, ikanipa. Nikaona hii ndiyo ndugu yangu huku." Aliipangusa moja kwa mkono wa shati. "Sikiza. Kitu cha asili hakiguswi. Rangi ya asili, kioo cha asili, kitasa cha asili. Ukikwaruza umeua."

Ile kubwa ya karanga ndiyo aliyoipenda zaidi. Ilikuwa na vishikio vinavyong'aa, na chini yake mdomo wa kutokea pakiti. Ndani ya mdomo palikuwa na kipande cha bati nene kilichoning'inia. Kinakubali kwenda ndani, hakikubali kurudi nje, ili mwizi asitie mkono. Mjomba alikiita jino. Ufunguo wa mashine ile ulikuwa umepotea zamani, kabla yake. Alikuwa akiutafuta kwa wazee wa kofia, na hakuupata. Nilimsikia akisema, "Siku moja Mungu ataleta ufunguo."

Wageni wa Mombasa na Lamu walipokuja, walisemana jikoni juu ya mjomba. "Athumani ana mkono wa birika huyo," walisema, wakimaanisha hatoi. Mimi sikuijua maana. Nilidhani ni ugonjwa. Nilikuwa nikimtazama mkono akila, nautafuta huo ubirika, nione unapindia wapi. Ulikuwa mkono mzuri tu, safi, wenye kucha zilizokatwa.

Basi ikaja Idi. Theluji ilikuwa bado ipo, lakini imekuwa chafu, imekaa kando ya njia kama unga uliomwagika, na mimi moyo wangu ulikuwa mwepesi kwa sababu niliona inaisha. Bi Zulekha alipika tangu alfajiri. Sitamnyima haki yake, mpishi alikuwa. Samli ilinukia mpaka barabarani. Nilivikwa gauni lililonunuliwa kubwa makusudi ili lidumu, nikapitisha sahani, nikambusu kila mtu mzima mkono. Katika wageni alikuwako Mzee Bakari, dereva wa teksi, mtu wa Lamu mwenye ndevu nyekundu za hina. Alinishika kidevu.

"Na huyu kipusa, nani?"

"Mtoto wa dada yangu," mjomba akasema.

Mzee Bakari akatia mkono mfukoni, akatoa sarafu, akaniwekea kiganjani akakifunga kwa vidole vyake. "Mkono wako wa Idi huo. Usimwonyeshe mtu." Kisha akaniuliza, kama watu wazima wanavyouliza watoto wote, "Unasoma darasa la ngapi?"

Nikamjibu kwa adabu zote, "Nangoja theluji iishe."

Watu walicheka. Mzee Bakari hakucheka. Alimtazama mjomba, akamtazama Bi Zulekha, akasema polepole, "Theluji iishe vipi?"

"Huyo ana maneno huyo," akasema Bi Zulekha, na akanishika bega kwa nyuma pale penye mshipa. "Nenda chini kalete viti vingine. Haraka."

Nikashuka. Sikujua nimesema nini. Nilijua tu kwamba bega linauma na kiganjani nina kitu changu, cha kwanza kuwa changu tangu nivuke bahari. Nyinyi mliolelewa Pwani mnajua mkono wa Idi ni nini kwa mtoto. Hauwekwi. Unatumiwa siku hiyo hiyo, kwa kitu kitamu, mbele ya wenzio. Mimi sikuwa na wenzio, wala duka. Nilikuwa na mashine. Nikatia sarafu yangu, nikavuta kishikio kwa mikono miwili, na nikasikia pakiti ikianguka.

Haikufika. Ilikwama nyuma ya jino. Niliona ncha yake, nyekundu. Nikatia mkono kuitoa. Sikuiba. Nataka hilo lisomwe mara mbili: sikuiba. Nilitia mkono kuchukua karanga zangu nilizozinunua kwa mkono wangu wa Idi, na jino likakubali kuingia, na halikukubali kurudi.

Nilivuta. Kadiri nilivyovuta ndivyo lilivyoshuka kwenye nyama. Nikaita. Bi Zulekha ndiye aliyekuja kwanza, kuangalia viti viko wapi. Alisimama kwenye ngazi akatazama. Hakusema pole.

"Mwizi wewe," alisema. "Mungu amekuonyesha siku ya Idi."

Halafu akapanda, akarudi na mjomba, na huko juu kaseti ikapandishwa. Walizungumza juu yangu kama watu wanaozungumza juu ya bomba lililopasuka. Mjomba alisema kuna namba, ukipiga wanakuja watu wa zimamoto na mikasi ya chuma. Bi Zulekha akasema, "Waje? Na gari lao lile linalolia, mlangoni kwangu, wageni wamejaa? Wamuulize jina lake nani na shule yake ipi? Atawaambia hiyo ya theluji." Mjomba akazunguka ubavuni mwa mashine. Hapo ndipo iliponguruma.

Baada ya mngurumo ule sikumbuki mpango wa mambo. Nakumbuka nikiambiwa nisiite tena, wageni bado wapo, wacha waende kwa heri. Nakumbuka sauti ya Mzee Bakari kule juu, "Yule mtoto yuwapi nimuage?" na sauti ya Bi Zulekha, tamu kabisa, "Amelala, baba. Amechoka na furaha." Nakumbuka milango ya magari. Mkono ulikuwa umeacha kuuma, na hilo lilinifurahisha. Mwanga wa kidirisha cha juu ulikuwa umegeuka rangi waliporudi na bakuli la samli. Walinipaka, mjomba akaingiza waya wa kutundikia koti kuinua jino, Bi Zulekha akanishika kiunoni akavuta. Nilitoka na harufu ya sikukuu mpaka begani. Mkono ulikuwa mweupe kama wa mtu mwingine.

Hospitali hatukwenda. Hospitali ilikuja nyumbani ndani ya mkoba wa Bi Zulekha, bandeji na vidonge. Aliufunga vizuri. Alijua kazi yake, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwamba alijua. Walipoufungua vidole vilianza kukunjamana kuelekea kiganjani, kidogo kidogo, kama jani linalokauka. Vikabaki hivyo. Vimekuwa hivyo tangu siku ile, kama mshikio wa birika. Ndipo nikaelewa, kwa akili yangu ya kitoto, kwamba ugonjwa wa mjomba umehamia kwangu. Yeye alikuwa nao wa kusemwa, mimi nikaupata wa kuonekana.

Na kula je? Mswahili hali kwa kushoto, kila mtu ajua kushoto ni kwa kazi gani. Kulia kwangu hakukuweza kushika tonge. Nilipojaribu kushoto, Bi Zulekha alinipiga kijiko cha mbao. "Usinitie najisi mezani pangu." Basi nikawa nala jikoni, peke yangu, kwa kijiko, kama mgonjwa. Wageni wakija sikuweza kutoa mkono wa kulia, naona haya, natoa wa kushoto. "Mtoto wa nani huyu hana adabu?" wakasema. Nikaacha kutoka jikoni. Theluji ikaisha, ikaja nyingine. Sikuuliza tena. Mwizi haulizi habari za shule.

Kwa sababu niliamini. Hiyo ndiyo kazi waliyoifanya iliyonishinda kuwasamehe. Niliamini mashine inajua nani mwizi. Niliamini pia kwamba wale watu wawili walifanya kila wawezalo, na chuma kiliwashinda. Nilitoka nyumba ile nilipokuwa msichana mkubwa, siku moja mchana, na kanga ya mama ndani ya mfuko wa plastiki. Sikugombana nao. Nilimwachia Bi Zulekha sahani zimeoshwa. Niliendelea kuwaamkia kila Idi. Daktari mmoja wa Minneapolis alinigusa vidole hivi akaniambia, "Hapa hapakukatika kitu. Damu ilizuiwa muda mrefu mno. Wangekutoa mapema, mkono huu ungekuwa mzima." Nikamjibu, hawakuweza. Nikawatetea, jamani. Nilikaa pale na gauni la karatasi nikawatetea.

Sasa mnajua kwa nini nilinunua ile mashine ya Saint Paul. Nikanunua na nyingine, na nyingine. Ninazo chumba kizima pale ninapokaa, New Hope, meneja wa jengo ananung'unika. Kazini wananicheka, mwanamke wa makamo na mashine za peremende. Kila ninayoipata, jambo la kwanza nalitoa jino. Mashine zangu zote ni mapengo. Faraji, yule niliyembeba mgongoni, ndiye pekee wa nyumba ile anayenitembelea. Ni baba wa watu sasa. Nikimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno na ananijibu kwa Kiingereza, ila "Da" hajaacha kuniita.

"Da, mtu haondoi hivyo vitu," aliwahi kuniambia kwa Kiingereza chake. "Unaziharibu. Baba angelia."

"Alie," nikasema.

Katika kuzikusanya nikajifunza kazi. Mtu akiwa na mashine isiyo na ufunguo, anatoboa kitasa kwa drili. Ni kazi fupi, maji ya chai hayajachemka mlango umefunguka. Jino limeshikwa na pini moja tu kwa ndani, unaichomoa kwa vidole. Lakini kitasa kikishatobolewa, wakusanyaji wanakunja pua. Si cha asili tena. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu, na bado sikuliunganisha na mkono wangu. Akili ya mtu inajua pa kutopita.

Mjomba alikufa majira ya mapukutiko. Nililia, sikatai. Matanga yalipokwisha, Bi Zulekha akatangaza anauza mashine. Nilikwenda kumsaidia, maana ndivyo nilivyozoea, kwenda kusaidia. Zilikuwa zimepangwa gereji, mlango wazi, baridi inaingia. Yeye ameketi kwenye kiti, magoti yamemchoka, Kiingereza cha hospitali kimemtoka, shali begani. Mimi nilikuwa nyuma yake namimina chai kwa mkono wa kushoto. Mzee mmoja wa Kizungu alikuwa akiizunguka ile kubwa ya karanga, anaipapasa.

"Anauliza kama imeguswa," Faraji akamwambia mamake, kwa Kiswahili safari hii, kwa ajili ya biashara.

"Mwambie haijaguswa," akasema Bi Zulekha, na sauti yake ikajaa fahari. "Mwambie kitasa ni kile kile, hakijatobolewa hata siku moja. Marehemu alikataa. Hata siku ile mtoto alipokwama, drili iko mkononi, tukasema hapana, afadhali tungoje."

Faraji alifungua mdomo kutafsiri. Akamwambia yule mzee kwamba kitasa ni cha asili. Mengine hakuyatafsiri. Aligeuka akatazama mkono wangu, kisha akatazama chini, mtu mzima yule, kama mtoto aliyevunja kitu.

Niliweka birika la chai chini. Ndipo nikausikia tena ule mngurumo. Haukuwa wa mashine. Mashine ya karanga haina injini, haina cha kungurumia. Ilikuwa drili, imewekwa kwenye kitasa, imewashwa. Mtu aliiwasha. Halafu mtu akasema neno, mngurumo ukalifunika, na drili ikazimwa.

Nikamzunguka nikasimama mbele yake. "Bi Zulekha. Umesema nini?"

"Nimesema nini?" Alivuta shali. "Mambo ya zamani hayo. Umekula kwangu, umelala, umevaa. Leo unataka kunifungulia kesi mbele ya Mzungu?"

"Drili ilikuwa inalia. Niliisikia."

"Marehemu hasemwi," alisema. "Muogope Mungu. Mtu yuko kaburini."

"Yeye hasemwi. Wewe hujafa."

Alinitazama, na nikaona macho yakikimbia, yakaenda kwa Faraji, yakaenda kwa mashine, yakaenda barabarani. Kisha akasema nimletee chai, inapoa. Sikumletea. Yule mzee wa kofia aliichukua ile mashine kwenye pikapu yake jioni ile, imefunikwa blanketi, taratibu, kama maiti ya mtu mwenye heshima.

Sikumzuia. Mashine siitaki. Mashine haikunifanyia lolote ila lile ilitengenezwa kulifanya. Na mimi sikuwa mwizi, sasa najua, wala Mungu hakumwonyesha mtu kitu siku ile. Ninalotaka ni dogo, limejificha ndani ya silabi moja.

Bi Zulekha, umesema "tukasema." Ulisema kwa mdomo wako, mwanao shahidi. Ungesema "akasema" ningeondoka na huzuni yangu, nikamzika mjomba mara ya pili. Lakini mtu aliyekataa kutoboa hawashi drili. Yule mwenye mkono wa birika, aliyependa mashine kuliko watu, ndiye aliyeiwasha. Mtu mwingine akamwambia azime. Chumbani tulikuwa watatu, na mimi mdomo wangu ulikuwa kwenye kioo.

Idi inakuja. Nitakuja kwako Coon Rapids na kanga ya mama, kama kila mwaka, na wageni watakuwapo. Sitakaa jikoni. Nitakupa huu wa kulia, uliokunjamana, ule ulionizoesha kuuficha, na utaushika mbele yao wote. Sitaki sarafu, sitaki pilau. Nipe mkono wangu wa Idi. Niambie nani alisema tungoje.